Bukuru Ambaye Hakuwa Bukuru

Siku niliyoagwa kazini walinisomea barua ya sifa. Ilisema nilikuwa mwaminifu, mchapakazi na mpenda wagonjwa. Hawakuandika sifa ambayo wodi nzima ilikuwa inaijua, kwamba nilikuwa mtu wa kushuku. Nilishuku mizani, nilishuku saa ya ukutani, nilimshuku mgonjwa anayesema amekunywa dawa huku anatazama dirishani. Ninyi wanangu mnaoingia wodini sasa hivi na vishikwambi mikononi, nataka kuwaeleza habari ya kushuku. Ni kitendea kazi kama bomba la sindano, na mimi nilikitumia vibaya mara moja ambayo sijaisahau.

Kushuku nilifundishwa. Aliyenifundisha ni Bi Mwamini, muuguzi wa zamani, mtu wa Ujiji, mwembamba, mkali, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Enzi zile kila kitanda kilikuwa na karatasi ya joto inayoning'inia miguuni, na Bi Mwamini alikuwa hasomi tarakimu kwanza. Alikuwa anaiinua karatasi kwenye mwanga na kuikagua yenyewe. Karatasi ya kweli, alisema, ina doa la chai, ina iodini pembeni, na wino wake umebadilika katikati ya mchana kwa sababu daktari aliazima kalamu akaondoka nayo. Akikuta karatasi safi, mwandiko umenyooka kuanzia asubuhi hadi jioni, alikuwa anaguna tu: "Kalamu moja, mkono mmoja, kikao kimoja. Huyu kawapima wagonjwa kwa macho."

Mimi mwenyewe alininasa katika mwezi wangu wa kwanza. Nilikuwa nimechoka, nikaketi mezani, nikawagawia wagonjwa wote joto la thelathini na saba, na kwa wawili nikaongeza pointi kidogo ili isionekane nimegawa. Bi Mwamini akaja, akasoma, akauliza mgonjwa wa kitanda cha sita ana joto gani.

"Thelathini na saba, Bi Mwamini."

"Umempimia wapi? Sokoni Mwanga? Maana ametoroka tangu saa mbili kwenda kununua ndizi, na mimi ndiye niliyekutana naye getini."

Alinirudisha kitanda cha kwanza nikapima wodi nzima upya, yeye nyuma yangu. Tangu siku hiyo sikupika tarakimu tena, lakini nilianza kuamini kwamba kila mtu mwingine anapika.

Na ni kweli wengi walikuwa wanapika, msidhani kompyuta imewakomesha. Ukitaka kumjua anayepika siku hizi, angalia pumzi. Watu wanane hawawezi wote kupumua mara ishirini kwa dakika. Angalia pia muda: mtu akiingiza wagonjwa wanane katika dakika nne, basi hakusimama kwenye kitanda hata kimoja. Madoa ya chai yameondoka, lakini mfumo una madoa yake, ukijua pa kutazama.

Sasa nirudi kwenye ujio wa huo mfumo. Alikuja kijana wa TEHAMA, viatu vinang'aa, akatukusanya na kutwambia kuanzia Jumatatu hakuna karatasi. Nikamuuliza umeme ukikatika itakuwaje. Akasema kuna jenereta. Nikamuuliza na jenereta likiishiwa mafuta? Akacheka, akidhani nataniana naye. Mimi sikuwa nataniana na mtu.

Wiki ya kwanza tu nikapata kesi. Metroni, yaani mkuu wetu wa wauguzi, aliniita na kuniambia kwamba kwa mujibu wa mfumo, mimi Generoza nimewapa wagonjwa wote dawa saa nane za usiku, wakati kila mtu anajua nilikuwa zamu ya asubuhi. Nilipandisha sauti. Nikasema kuna mtu ameiba nywila yangu, na nikaanza kuwataja kwa majina niliowashuku. Metroni akaniacha nimalize, kisha akasema taratibu, "Mama Gene, uliandika mbili kwa sababu ilikuwa saa mbili asubuhi. Kompyuta inahesabu saa za Kizungu. Saa mbili yetu kwake ni nane." Wenzangu walicheka wiki nzima, wakipishana nami wananiuliza sasa ni saa ngapi. Mimi sikucheka. Niliona mashine imenitega.

Ndipo nikanunua daftari dogo la kuingia kwenye mfuko wa sare. Nililiita kompyuta yangu. Kila nilichofanya kitandani nilikiandika humo kwanza, na mwisho wa zamu nikakaa mezani kuhamishia kwenye mfumo kimoja kimoja. Metroni alikuwa amekataza. Agizo lilikuwa tuingize palepale kwenye kitanda cha mgonjwa, dawa ikishatoka mkononi. Nilikuwa naitikia "sawa, Metroni," na daftari liko mfukoni.

Wakati huo tukaletewa Zaituni. Alikuwa muuguzi kijana wa mkataba, kwao Ujiji, mpole, vidole vyepesi, anasubiri ajira ya kudumu kama wenzake wengi. Alikuwa anakwenda na kishikwambi mpaka kitandani, anachoma, anabonyeza, anahamia kwa mwingine. Mimi nilimshuku tangu siku ya kwanza. Nilijiuliza mtu anatazamaje kioo na mtoto kwa wakati mmoja. Nilifungua kumbukumbu zake kwa siri nikatafuta zile pumzi ishirini ishirini. Sikuzikuta. Nasema ukweli wangu, nilichukia kutozikuta.

Tulikuwa wodi ya watoto wachanga. Dirishani alilazwa Riziki na mapacha wake wa kiume. Riziki ni mwanamke wa Kibirizi, anaanika dagaa, babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo. Mlangoni alilazwa Esta, Muha mwenzangu kutoka vijiji vya juu, naye pia ana mapacha. Wale wa kwanza kuzaliwa, mmoja wa kila mama, walikuwa na maambukizi kwenye damu, na wote wawili walikuwa wanapewa sindano ya aina moja. Ni dawa ambayo mtoto mchanga huchomwa mara moja kwa siku na kipimo chake hufuata uzito. Ikizidi inaweza kuumiza figo na masikio. Mtoto wa Riziki alipangiwa saa nne asubuhi, wa Esta saa tisa alasiri.

Sasa sikilizeni hapa, hasa ninyi mliotoka mikoa mingine. Kwetu pacha hasubiri kupewa jina. Anayetangulia ni Bukuru na anayefuata ni Butoyi, wawe wa kike au wa kiume, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Kiza. Ndivyo ilivyo. Kwa hiyo sisi wauguzi wa hapa, mapacha wakitoka tu, tumeshawaita. Hatumuulizi mtu. Nimewaita Bukuru watoto ambao wazazi wao wametoka Mbeya, na nimewaita Butoyi watoto wa Kihindi.

Siku ile ya Jumatatu nilikuwa zamu ya asubuhi. Saa nne kamili nilimchoma yule mtoto wa dirishani. Nikatoa daftari nikaandika: Bukuru, sindano, saa nne. Nikarudisha daftari mfukoni na kazi ikaendelea, na ilikuwa kazi kwelikweli, maana tulikuwa wawili tu kwa wodi nzima.

Saa nane mchana nikakaa kwenye kompyuta kuhamishia. Nikaandika Bukuru. Mfumo ukaniletea Bukuru mmoja, nami kwa haraka nikadhani ndiye wangu. Nikaona dawa yake imepangwa saa tisa alasiri, siyo saa nne, nikasema moyoni, mashine imeanza tena mambo yake ya saa. Nikabonyeza "imetolewa". Nikachukua pochi yangu, nikapanda bajaji kwenda nyumbani Mwanga.

Asubuhi iliyofuata nilipofika, Riziki alinishika mkono kabla sijavua koti.

"Mama, jana mulimuchoma mutoto mara mbili. Wewe asubuhi, na yule binti alasiri."

"Umemwambia?"

"Nilimwambia, mutoto alikwisha kuchomwa. Akaangalia kitu chake, akasema hapana, bado."

Nilifungua mfumo nikatafuta kwa jina la mama, pacha wa kwanza, bila kusoma jina la mtoto. Mtoto wa Riziki, sindano imetolewa saa tisa na robo alasiri na Zaituni. Sindano yangu ya saa nne haikuwepo kabisa. Hapo ndipo kushuku kwangu kote kukapata kazi. Nikasema huyu binti amefuta yangu akaweka yake, au mashine imemeza yangu, na vyovyote iwavyo amemchoma mtoto aliyekwisha kuchomwa huku mama mzazi anamwambia. Niliandika malalamiko kwa mkono, kurasa mbili, nikayapeleka kwa metroni kabla ya chai.

Daktari alisimamisha ile dawa na kuagiza mtoto afuatiliwe mkojo. Mwenzangu, kama hujawahi kusubiri mkojo wa mtoto mchanga hujajua woga. Nilivipima vitambaa vyake vyote kwenye mizani, kimoja baada ya kingine, kikavu na kilicholowa, na safari hii niliingiza kwenye mfumo palepale, bado kwa jina la mama, kwa sababu nilitaka kila mtu aone. Riziki alikuwa ananitazama bila kuuliza kitu. Kila kitambaa kilicholowa nilimwonyesha, naye alikuwa anasema "aksanti" kwa sauti ndogo iliyonichoma.

Zaituni aliondolewa wodini na nywila yake ikafungwa. Mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni, na kila mtu alijua barua moja mbaya ingetosha usiongezwe. Nilikutana naye kwenye korido ameshika karatasi ya maelezo.

"Shikamoo, Mama Gene."

Nikaitikia nusu.

"Ilikuwa nyekundu kwenye mfumo, Mama," akasema. "Ya saa nne ilikuwa nyekundu, haijatolewa. Nilikupigia simu mara mbili nikuulize."

Simu ilikuwa chini kabisa ndani ya pochi, mimi niko kwenye bajaji. Niliziona zile simu mbili jioni ile na sikuzirudisha, kwa kuwa nilidhani anataka tubadilishane zamu. Badala ya kumwambia hivyo nikamwambia, "Mama wa mtoto alikwambia kwa mdomo wake. Wewe ukaamini kioo." Hilo kosa lilikuwa lake kweli, na sijawahi kumfutia. Mama akikwambia mtoto wake amechomwa, unasimama. Lakini nililitumia hilo moja kufunika mengine yote.

Mimi ndiye niliyedai kumbukumbu yote ya mfumo ichapishwe. Nilikuwa nimesikia kwamba kila anayegusa kitu anaacha alama, nani, nini, dakika gani. Nikamwambia metroni, nataka kila kilichoguswa Jumatatu kitoke kwenye karatasi tukione. Karatasi, angalau, nilikuwa naiamini.

Ijumaa tukakaa ofisini kwake wanne: metroni, yule wa TEHAMA, Zaituni na mimi. Nilikuwa nimevaa sare iliyopigwa pasi vizuri, kama mtu anayekwenda kushinda. Kijana wa TEHAMA akasoma mstari kwa mstari. Hakuna kilichofutwa. Hakuna aliyeingia kwa nywila ya mwingine. Kisha akasoma:

"Bukuru, mtoto wa Esta. Sindano imetolewa. Saa nane na dakika saba mchana. Generoza."

"Hapo!" nikasema. "Mnaona? Mimi sikumgusa mtoto wa Esta siku hiyo. Mashine inanisingizia." Nikatoa daftari langu nikaliweka mezani, nimelifungua mahali penyewe. "Ushahidi huu hapa, kwa mwandiko wangu."

Metroni akavaa miwani akasoma. "Bukuru, sindano, saa nne. Bukuru yupi, Mama Gene?"

"Wa dirishani."

"Wa dirishani anaitwa Hasani," akasema Zaituni. "Yeye na mwenzake Huseni. Mama yao aliniambia siku ya kwanza nilipomwandikisha."

Nililivuta daftari langu nikalisoma tena. Mtoto niliyemchoma alikuwa Hasani, na ndani ya mfumo Hasani alibaki mwekundu mpaka Zaituni alipokuja. Mtoto niliyemwekea alama ya kuchomwa alikuwa Bukuru wa Esta, naye siku hiyo hakuchomwa kabisa, kwa sababu yeyote aliyefungua jina lake alikuta limeshatiwa alama na jina langu pembeni. Watoto wawili, na wote wawili walipitia kwenye daftari langu. Mtoto wa Esta, ashukuriwe Mungu, alikuwa ameendelea na dozi zake siku zilizofuata na homa imeshuka.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza Zaituni.

"Nililiona jina lako kwa Bukuru siku ileile jioni, kabla hawajanifungia. Sikulielewa vizuri. Nilipokuja kulielewa nilikuwa nimeshatolewa."

"Mbona hukuja kunionyesha?"

Alinitazama, siyo kwa ujeuri. "Ningekuonyesha kwenye nini, Mama? Kwenye kompyuta?"

Kijana wa TEHAMA akatazama viatu vyake. Metroni akanisogezea kalamu na karatasi, nikaandika malalamiko yangu upya, safari hii dhidi yangu. Zaituni alirudi wodini Jumatatu na mkataba wake ukaongezwa. Mimi nilipewa barua ya onyo, nami niliistahili, na ndiyo barua pekee ya ofisini ambayo bado naitunza.

Nisiwadanganye kwamba tangu hapo niliupenda mfumo. Sikuupenda. Nilibaki naushuku mpaka siku nakabidhi kitambulisho, na ninyi pia muushuku, kwa sababu unaamini chochote unachoambiwa na haujawahi kumwona mgonjwa. Lakini nilikuwa nimeshuku mizani, saa, umeme, kijana wa viatu na binti wa watu, na katika miaka yote hiyo haikunijia hata mara moja kukishuku kile nilichokuwa nakijua. Kwangu Bukuru ilikuwa kweli tupu. Hakuna anayesimama kuhakiki kitu kama hicho.

Kwa hiyo mkifika kitandani, mwulizeni mama mtoto anaitwa nani, kisha nyamazeni mpaka alitamke yeye. Msimwambie, "Huyu ni Bukuru, siyo?" Atasema ndiyo. Mama aliyelazwa na mtoto mgonjwa anamwitikia muuguzi ndiyo kwa kila kitu, hata ukimwambia mtoto wake anaitwa Jumatano. Soma na jina lililo kwenye kamba ya mkononi mwa mtoto. Kisha ingiza hapohapo, kabla mguu haujainuka.

Kumwambia Riziki nilikwenda mwenyewe. Metroni alitaka tuende wote, nikakataa. Nilimkuta amempakata Huseni, Hasani amelala kifuani. Nilimweleza kila kitu, kwamba kosa lilianzia kwangu na lilianzia kwenye jina. Nilitegemea matusi, na nilikuwa tayari.

"Nilikwambia anaitwa Hasani," akasema. "Siku tulipolazwa. Ukasema sawa. Kisha ukamuuliza mwenzako, Bukuru amekunywa?"

"Kwa nini hukunisahihisha?"

"Wewe ni muuguzi, mama. Nilifikiri ni neno la hospitali."

Waliruhusiwa baada ya siku tisa. Figo zilikuwa salama, vipimo vilionyesha hivyo na vile vitambaa vilionyesha hivyo. Masikio, daktari alisema, huwezi kuyajua mapema, waje tena mtoto akikua kidogo. Walikuja, wakapimwa wote wawili. Huseni anasikia vizuri. Hasani sikio la kushoto halisikii. Daktari alinieleza kwa upole kwamba dozi moja iliyozidi si kawaida kufanya hivyo, kwamba huenda ni yale maambukizi yenyewe, kwamba hakuna atakayejua. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na mimi ninayeshuku kila kitu nilitamani sana kumwamini.

Sasa nimestaafu, huwa nashuka Kibirizi kununua dagaa kwa Riziki. Watoto wanatembea, wanakimbizana kati ya dagaa walioanikwa mchangani na kufukuzwa na kila mtu. Huseni anaitwa kutoka popote. Akitaka kumwita Hasani, Riziki anaacha kazi, anamzunguka, anakwenda kusimama upande wake wa kulia.